Rangi ya Manjano na Swali la Dhahabu katika Turkana

Waturkana waliijua metali ya rangi ya manjano muda mrefu kabla dhahabu haijawa bidhaa kwao. Metali hiyo ilikuwa shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na zinki, na sehemu yake ililetwa na misafara ya pwani iliyobeba shanga, vitambaa na masango, ambayo ni mizingo ya waya mnene iliyotumika katika biashara ya bara mahali pa fedha. Mwaka 1888 msafara wa Count Teleki wa Hungaria, ukiwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe kutoka Pangani, ulifika kwenye ziwa ambalo leo linaitwa Turkana, nao ulibeba bidhaa za namna hiyo hiyo. Waya ulifuliwa ukawa bangili, vipuli na mapambo mengine, wakati alagama, ile pete nzito ya metali inayovaliwa shingoni na mwanamke aliyeolewa, ilimtangaza mvaaji kwa kila aliyemwona. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba manjano ya shaba hiyo hayakumdanganya mtu, kwa sababu pambo lilithaminiwa kwa kile lilichosema juu ya aliyelivaa, na hapakuwa na mnunuzi aliyeliuliza lina dhahabu kiasi gani.

Swali hilo lilikuja baadaye, tena kutoka kwingine. Dhahabu ya Kakamega ilipovuma kuanzia mwaka 1931 na kuwavuta walowezi wengi magharibi mwa Kenya, Turkana ilibaki wilaya iliyofungwa, isiyoingiwa na mgeni bila kibali. Serikali ya kikoloni iliiona kuwa mbali kiasi cha kumfunga Jomo Kenyatta Lokitaung na kisha, kuanzia mwaka 1959 hadi 1961, kumweka kizuizini Lodwar. Umbali huo ulikuwa na athari katika elimu ya madini. Pwani na katika miji mikubwa masonara walikuwa wamerithishana kwa vizazi ujuzi wa kuitambua dhahabu, ilhali Lodwar haikuwa na mapokeo kama hayo, na dhahabu ilipoanza kuokotwa kaskazini, aliyeiokota hakuwa na kipimo chake mwenyewe.

Dhahabu ya Turkana hupatikana zaidi upande wa magharibi, katika maeneo ya Loima kama Lokiriama na Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, ambako mvua huibomoa miamba ya vilima na kuteremsha chembe zake hadi katika laga, yaani mito ya msimu ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Kazi yake ni ya karai na mikono, na wanawake ni wengi katika kazi hiyo. Mchimbaji hutia mchanga na maji katika karai, huuzungusha akiliinamisha kidogo upande mmoja, na kwa kila mzunguko maji huondoka na kilicho chepesi mpaka kibaki kiganja kimoja cha mchanga mweusi wenye chuma. Chembe za manjano hujificha ukingoni mwa mchanga huo, ndogo kuliko mbegu ya mtama. Maji yakikosekana, mchanga hupepetwa kama nafaka ili upepo uchukue vumbi. Kwa jamii iliyoona mifugo ikifa katika ukame wa 1980 na 1981, uliopewa jina la Lopiar kwa kuwa ulifagia kila kitu, na katika miaka mingine mingi ya kiangazi tangu hapo, chembe hizo hazikuwa anasa hata kidogo, kwani ndizo zilizonunua unga.

Kakuma iliingia katika historia hii kwa mlango mwingine. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na baada yao walifika Wasomali, Waethiopia, Wakongo na wengineo, hata mji mdogo ukawa soko la mataifa. Mkimbizi huondoka na kile kinachobebeka, na katika jamii nyingi za Pembe ya Afrika mali ya mwanamke inayobebeka ni dhahabu yake ya mahari. Isitoshe, barabara inayotoka Kakuma kupitia Lokichoggio na mpaka wa Nadapal huelekea Kapoeta, mashariki mwa Sudan Kusini, eneo lenye machimbo madogo ya dhahabu. Hivyo sehemu moja ya nchi ikawa na dhahabu mbichi kutoka ardhini, mapambo ya kale kutoka mbali, na bidhaa mpya za kiwandani zenye rangi ile ile, zikiwemo saa zilizoigwa kwa umbo na jina la saa za thamani.

Njia ya kwanza ya kuitenganisha dhahabu na metali inayofanana nayo ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu tupu ina gramu 19.3, wakati ya shaba ya manjano haizidi sana gramu 8.5, na kwa hiyo mkono uliozoea huhisi tofauti kabla mizani haijasema. Njia ya pili ni jiwe la kusugulia, jiwe jeusi lenye chembe laini ambalo limetumiwa na masonara tangu enzi za Wagiriki wa kale. Kitu hukwaruzwa juu yake kiache mstari, kisha mstari huo hutiwa tone la asidi ya nitriki, tindikali kali inayokula shaba, zinki na fedha lakini isiyoigusa dhahabu tupu. Mstari wa shaba huchemka na kutoweka, ilhali mstari wa dhahabu hubaki, na kwa kuulinganisha na mistari ya sindano zenye karati zinazojulikana, fundi hukadiria usafi wake. Karati 24 ni dhahabu tupu, na 18 ni sehemu 750 katika 1,000.

Njia hizi zilibuniwa kwa ajili ya kitu ambacho ndani na nje ni kimoja, na hapo ndipo saa iliyochovywa, yaani iliyopakwa utando wa rangi ya dhahabu juu ya metali nyingine, inapoleta tatizo jipya. Zamani dhahabu ilipakwa juu ya metali nyingine kwa kuichanganya na zebaki, kisha kuichoma ili zebaki iondoke kwa mvuke, na inasikitisha kwamba mvuke huo huo wenye sumu bado huvutwa na wachimbaji wadogo wa Afrika Mashariki wanaokamatia chembe zao kwa zebaki. Mwaka 1805 Mwitaliano Brugnatelli alitumia umeme wa betri kupaka dhahabu, na mwaka 1840 akina Elkington wa Birmingham waliifanya kazi hiyo kuwa ya kiwandani. Tangu hapo utando wa dhahabu halisi uliweza kuwa mwembamba mno, na katika karne ya 20 ukaongezeka utando usio na dhahabu kabisa, unaoitwa titani nitridi, mchanganyiko wa metali ya titani na hewa ya nitrojeni, ambao rangi yake ni ya dhahabu na ugumu wake unaushinda ugumu wa chuma cha pua.

Utando huu wa mwisho huipotosha asidi. Tone la asidi ya nitriki likidondoshwa juu yake, rangi haibadiliki upesi, na mpimaji asiyejua huhitimisha kwamba amepata dhahabu. Dalili ya kweli iko katika ugumu, kwa kuwa dhahabu ni laini na kisu huikwangua, wakati titani nitridi hukishinda kisu. Upo pia mtambo wa miali ya eksirei, ambao huitambua kila metali kwa mwanga wake bila kuharibu kitu, ingawa miali hiyo hupenya utando mwembamba na kusoma pia shaba iliyo chini, kwa hiyo asilimia inayoonyeshwa haiwezi kuchukuliwa kuwa karati ya saa.

Hata hivyo, kuuliza tu kama utando una dhahabu hakutoshi. Kasha la saa lenye eneo la sentimita 30 za mraba, likipakwa dhahabu yenye unene wa maikroni 0.1, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, hubeba takriban miligramu 6. Mwanamke wa Lokiriama akiokota gramu moja mtoni, ameokota dhahabu ya zaidi ya saa 160 za aina hiyo. Muuzaji wa saa anaweza basi kusema kweli kwamba ina dhahabu, na mnunuzi akawa amepunjwa vilevile.

Upande wa dhahabu mbichi, aliyepunjwa mara nyingi alikuwa muuzaji, kwa sababu jiwe, asidi na mizani vilikaa mezani kwa mnunuzi. Sheria ilichangia hali hiyo. Ile iliyosimamia biashara ya madini ya thamani yasiyofuliwa, iliyorithiwa kutoka ukoloni, ilimfanya mtu mwenye dhahabu ghafi bila leseni kuwa mkosaji, na mkosaji hawezi kudai kupimiwa upya mbele ya shahidi. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliifuta na kuwatambua wachimbaji wadogo kwa vibali, lakini kibali hakimpi mtu mizani.

Kwa mnunuzi wa saa, Lodwar yenyewe ina kipimo chake kisicho na malipo. Katika joto ambalo mchana hupita nyuzi 35 za Selisiasi, jasho na vumbi la mchanga husugua ukingo wa kasha na pingili za mkanda, na baada ya miezi michache utando mwembamba wa dhahabu huisha kwanza kwenye kona zinazogusa mkono. Chini yake hutokea weupe wa zinki au wekundu wa shaba, na shaba hiyo huiachia ngozi ya mvaaji alama ya kijani.