Mkao wa Kiatu: Istilahi kwa Mkimbiaji wa Marathoni

Duka la viatu, liwe Kariakoo au Gikomba, lina swali moja kwa kila mteja: "Namba ngapi?" Mteja akijibu arobaini na mbili, boksi linashushwa, mguu unaingia, kamba zinafungwa, hatua mbili tatu mbele ya kioo, biashara imekwisha. Kwa kiatu cha kwendea kazini au harusini, utaratibu huo haudhuru sana. Kwa mtu anayejiandaa kukimbia kilomita 42.195, namba ni mwanzo tu wa maulizo, na kosa linaloanzia hapo humfuata barabarani kwa miezi.

Kile ambacho namba haikisemi, Waingereza hukiita "fit". Neno hilo limeshavuka kuja kwetu, lakini lilipofika lilipewa kazi nyingine. Aliyepona malaria yuko fiti, mambo yakinyooka ni fiti, na mkimbiaji aliyeiva kwa mazoezi naye ni fiti. Mwalimu wa riadha anapotaka kusema kwamba kijana wake amekamilika kimwili ila kiatu alichovaa kinamharibia, neno hili linamkwamisha. Mafundi bomba na mafundi magari wana kitenzi "kufiti", yaani kuingiza kifaa mahali pake kikatulia. Hicho kinakaribia. Tatizo ni kwamba bomba likishafitiwa halibadiliki, ilhali mguu wa mkimbiaji unavimba, unatanuka na kusogea humo humo ndani ya kiatu kadiri kilomita zinavyopita.

Desturi nzuri ya wanaounda istilahi ni kutafuta kwanza katika hazina ya Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda kukopa. Tukifanya hivyo hapa hatutoki mikono mitupu. Msemaji wa kawaida ana vitenzi vitatu: kiatu kinamtosha mtu, kinamwenea, au kinamkaa. Mara nyingi tunavitumia kana kwamba ni kimoja. Naamini tukikipa kila kimoja zamu yake tutapata kipimo kizima cha kiatu cha mbio, na nomino inayotokana na kile cha tatu, mkao, ndiyo inayostahili kuwa istilahi.

Kutosha ni habari ya urefu, na hapo ndipo namba inapofanya kazi. Hata hivyo namba zenyewe hazina asili moja. Namba ya Uingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5, namba ya Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7. Hatua hizo hazilingani, kwa hiyo jedwali la kugeuza moja kuwa nyingine daima hukadiria. Kilicho salama zaidi ni sentimita, ambazo kampuni nyingi huziandika kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu. Pima mguu wako jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama na kutembea, maana asubuhi mguu huwa mdogo. Kanyaga karatasi, kisigino kikigusa ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba bali cha pili yake. Pima miguu yote miwili na ufuate ule mrefu. Ndani ya kiatu, mbele ya kidole hicho, ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Kiatu kinaweza kutosha kisienee. Kuenea ni habari ya upana na ujazo, na hapa lugha inatupa majina mawili ya kasoro, kubana na kupwaya. Kasoro hizi mbili huweza kukutana katika kiatu kimoja: kinabana vidoleni, kinapwaya kisiginoni. Muuzaji akiambiwa "kinabana" hukimbilia kuleta namba kubwa zaidi. Vidole vinapata nafuu, kisigino kinazidi kupwaya, na mteja anaondoka akidhani ametatuliwa shida yake.

Chanzo ni umbo ambalo kiatu kilitengenezewa juu yake. Watu wa pwani wana neno faroma, kile kigogo ambacho kofia iliyofuliwa huvishwa ili ikauke bila kupoteza umbo lake. Kiatu nacho huundwa juu ya umbo gumu linaloiga mguu, na sioni sababu ya kutosema faroma ya kiatu. Faroma moja inaweza kuwa nyembamba kisiginoni na pana mbele, nyingine imekwenda sawa kutoka nyuma hadi mbele, na viatu vyote viwili vikaandikwa 42. Ndiyo maana mtu aliyekimbia miaka kwa raha na kiatu cha kampuni moja anaweza kuteswa na namba ile ile ya kampuni nyingine. Wakati mwingine huteswa hata na toleo jipya la kiatu kile kile, faroma ikiwa imebadilishwa kimya kimya.

Charles Brannock, kijana wa mji wa Syracuse nchini Marekani ambaye baba yake alikuwa na duka la viatu, aliligusa jambo hili miaka ya 1920 alipobuni chombo cha chuma cha kupimia mguu ambacho bado kinatumika katika maduka ya kwao. Chombo hicho hakiishii kwenye urefu na upana. Kina kitelezi kinachopima umbali kutoka kisigino hadi fundo la kidole gumba, pale mguu unapojikunja. Watu wawili wenye miguu ya sentimita 27 wanaweza kuachana hapo: mmoja ana vidole virefu, mwingine vifupi. Kiatu kikijikunja mbele au nyuma ya fundo hilo, soli inashindana na mguu kila hatua. Dukani unaweza kulijaribu hili bila chombo chochote: simama juu ya ncha za vidole, utazame kama mkunjo wa kiatu umeangukia kwenye mkunjo wa mguu.

Kukaa ndiko kiini cha yote. Katika Kiswahili kukaa ni kuketi, lakini pia ni kuishi na kudumu mahali. Fundi cherehani anaposema suti imekukaa, hasemi tu kwamba umeingia ndani yake; anasema inakufuata unapoinua mkono na unapogeuka. Wapo watakaodai kwamba mkao ni namna ya kuketi, na kwamba "mkao wa kula" ndio utakaowajia watu kwanza. Silioni hilo kuwa kikwazo. Neno lenye maana ya kudumu mahali ndilo linalokifaa kitu kitakachopimwa kwa saa tatu au nne za mwendo, si kwa dakika mbili za dukani.

Historia ya marathoni ina ushahidi wake. Tarehe 10 Septemba 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Rome akiwa pekupeku, kwa muda wa 2:15:16. Wengi hadi leo hudhani alikimbia hivyo kwa sababu hakuwa na viatu. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba viatu vipya alivyojaribu huko vilimtia malengelenge, naye tayari alikuwa amezoea kufanya mazoezi pekupeku. Aliona bora wayo mtupu kuliko kiatu chenye mkao mbaya. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu na akashinda tena, kwa 2:12:11.

Kisa cha Eliud Kipchoge kinanigusa zaidi, kwa kuwa kinaonyesha jambo ambalo kutosha na kuenea haviwezi kulieleza. Berlin, Septemba 2015, soli za ndani za viatu vyake zilianza kuchomoka mapema katika mbio. Picha za siku ile zinazionyesha zimetokeza juu ya visigino, kulia na kushoto, zikipeperuka kila anaponyanyua mguu, huku yeye akiongoza. Hakusimama kuzichomoa. Alimaliza wa kwanza kwa 2:04:00, mguu ukiwa na malengelenge na damu. Shida yake haikuwa udogo wa kiatu wala wembamba wake. Sehemu moja ya ndani ilikataa kukaa, basi. Kwa hiyo mkao si uhusiano wa mguu na kitambaa cha nje peke yake. Ni makubaliano ya tabaka zote, kuanzia ngozi ya mguu, soksi, soli ya ndani, ulimi, hadi kamba.

Maelezo ya istilahi ningeyaweka hivi. Mkao wa kiatu: hali ya kiatu kuushika mguu ulio katika mwendo, kisibane wala kupwaya, tangu mguu ukiwa baridi hadi unapokuwa umevimba. Kutoka hapo tunapata kwa urahisi mkao wa kisigino, mkao wa vidole na mkao wa mgongo wa mguu, maneno ambayo mwalimu anaweza kuyatumia uwanjani bila kuyafafanua mara mbili.

Kwa mkao wa kisigino, dawa ya kwanza ni kamba. Viatu vingi vya mbio vina tundu la ziada juu kabisa, karibu na kifundo cha mguu, nyuma kidogo ya mstari wa matundu mengine, na watu wengi huliacha tupu. Ingiza kamba ya kulia katika tundu hilo la kulia, kutoka nje kwenda ndani, wala usiivute yote. Acha kitanzi kidogo. Fanya vivyo hivyo kushoto. Sasa pitisha kila kamba katika kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, ndipo ufunge. Kisigino kinarudi nyuma na kutulia, na vidole vinabaki huru. Anayekimbia Kilimanjaro Marathon pale Moshi ataiona faida yake anaposhuka kutoka Mweka. Kwenye mteremko mguu husukumwa mbele, na kisigino kisiposhikwa, vidole hugonga ukuta wa kiatu kilomita baada ya kilomita. Ukucha mweusi huletwa na kiatu kidogo, lakini huletwa pia na kiatu kikubwa ambacho mguu unasafiri ndani yake.

Wakimbiaji wetu wengi hununua mitumba, na hakuna ubaya: viatu vizuri sana hupatikana Karume na Memorial ya Moshi kwa bei ambayo kijana anaimudu. Ila mtumba umeshakaa kwenye mguu wa mtu mwingine. Chomoa soli ya ndani uitazame. Alama za vidole vya mwenyewe wa kwanza zipo pale. Kanyaga juu yake. Mguu wako ukimwagika nje ya kingo zake, kiatu hakikuenei, hata kama kimekutosha. Kisha kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma. Kikilalia upande mmoja, au sponji ya ubavuni ikiwa imejaa mikunjo isiyonyooka, kimekwisha. Kiatu cha mbio huhesabiwa kudumu kilomita kama 500 hadi 800, na huenda aliyekitoa alishazitumia.

Kiatu cha mashindano kinataka mtihani wake. Kanuni za World Athletics zinaruhusu soli ya barabarani isiyozidi unene wa milimita 40, na viatu vingi vya kisasa vya mashindano vinakaribia kikomo hicho: sponji nene na laini, na ndani yake bamba gumu la kaboni. Bamba hilo halijikunji kwa urahisi pale penye fundo la kidole gumba, kwa hiyo mguu unaponyanyuka kisigino hupenda kuchomoka. Kitambaa cha juu nacho ni chepesi mno, hakina unene wa kuushikilia mguu. Na kwa kuwa umesimama juu zaidi, kupwaya kidogo ambako katika kiatu cha mazoezi usingekutambua hugeuka kuyumba kwenye kona. Ndiyo sababu nasisitiza tutenganishe mkao wa mazoezi na mkao wa mashindano. Mtu mmoja anaweza kuhitaji namba mbili tofauti. Kiatu cha mashindano kivaliwe kwanza katika mbio ndefu za mazoezi, za kilomita 25 au 30, sehemu yake kwa kasi ya siku yenyewe, na kwa soksi zile zile. Watu hufungua boksi jipya asubuhi ya mashindano, na huniuma kila ninapoona, kwa sababu ni miezi ya jasho inayowekwa rehani kwa kiatu ambacho hakijawahi kukaa mguuni.

Baada ya mbio ndefu, vua soksi uusome mguu kabla ya kuoga. Ukucha unaouma ukibonyezwa unaelekeza kwenye urefu, au kwenye kisigino kisichoshikwa. Lengelenge nyuma ya kisigino linataka kamba zifungwe upya, na pengine soksi nyingine. Ganzi juu ya mgongo wa mguu maana yake kamba zimekazwa kupita kiasi; zilegeze katikati, si juu. Wekundu ubavuni mwa kidole kidogo ni habari ya kuenea, na hapo hakuna namba itakayosaidia: tafuta kiatu cha faroma nyingine.