Subaru, Kilindini na redio kiziwi

Wadau, jirani yangu hapa Mji wa Kale ameagiza Subaru WRX kutoka Japani. Gari halijashuka Kilindini, keshaulizia bei ya spika na sanduku la besi. Ngoja kwanza!

Japani waliipa FM megahezi 76 hadi 90, kwa sababu 90 hadi 108 zilishikwa na televisheni ya analogi, chaneli 1 hadi 3. Sisi tuna 87.5 hadi 108. Kwa hiyo Capital FM ilipoanza kurusha mwaka 1996 kwenye 98.4, redio ya gari la Japani haikuifikia. Mafundi wakafunga ekspanda, na kazi yake ni kutoa tu: ukitoa 16, stesheni ya 98.4 unaipata kwenye 82.4. (Namba inadanganya, muziki upo.) Televisheni ile ilizimwa 2011, na FM yao ikapanda hadi 95 tu.

Basi redio na ibadilishwe, hata kwenye gari la mbio. Sanduku la besi sikubali. Linaongeza uzito nyuma, na mngurumo wa injini unaimeza besi uliyolipia. Ukiwa umesimama Ndia Kuu utaisikia vizuri, lakini na sisi wenye madirisha pale je?