Sungura Bila Msimulizi: Ngano za Uncle Remus Kutoka Shamba la Watumwa Hadi Bustani ya Burudani

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kufuatilia safari ya ngano kutoka kinywani mwa fanani hadi kwenye ukurasa wa kitabu. Hasara za safari hiyo zimejadiliwa kwa mapana: ishara za mwili hupotea, viitikio vya hadhira hukatwa, na toleo moja hugandishwa na kuchukuliwa kuwa ndilo sahihi. Iko hatua nyingine ambayo haijapewa uzito huo. Ni ile inayoitoa ngano kitabuni na kuipeleka katika bustani ya burudani, mahali ambapo mlipa kiingilio hasomi wala hasimuliwi, bali hupandishwa chomboni na kupitishwa ndani ya hadithi. Mfano ulio wazi wa hatua hiyo unamhusu mhusika anayefahamika vyema Afrika Mashariki, yaani sungura mjanja, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 aliwaburudisha wageni wa bustani za Disney huko Marekani kabla ya kuondolewa mwaka 2023.

Bustani zenye chimbuko la kifasihi si jambo geni. Katika kijiji cha Collodi, Italia, bustani ya Pinocchio ilifunguliwa mwaka 1956 kumkumbuka Carlo Lorenzini, aliyelitwaa jina la kijiji hicho kuwa jina lake la uandishi. Huko Vimmerby, Sweden, mji wa kwao Astrid Lindgren, bustani yenye jina la mwandishi huyo ilianza mwaka 1981 kwa nyumba ndogo zilizojengwa kwa kufuata vitabu vyake, naye mwenyewe angali hai. Chatham, Uingereza, alikoishi Charles Dickens utotoni, palikuwa na Dickens World kuanzia 2007 hadi 2016. Ubora wa bustani hizi unaweza kubishaniwa, na ile ya Chatham haikudumu hata miaka kumi, lakini zote zimesimama katika ardhi ya mtunzi na kukiri deni lao kwake.

Disneyland, iliyofunguliwa Anaheim, California, mwezi Julai 1955, ilifuata njia tofauti. Humo J. M. Barrie na Kenneth Grahame waliingia kupitia filamu za katuni zilizotengenezwa kutokana na vitabu vyao. Mgeni alikutana na filamu. Mtunzi alisogezwa nyuma. Kwa Barrie jambo hili halina madhara makubwa, kwa kuwa kitabu chake kimo maktabani na jina lake limo juu ya jalada. Hali ni nyingine kabisa pale ambapo watunzi wa kwanza walikuwa watumwa.

Mwaka 1862 kijana Joel Chandler Harris aliajiriwa kujifunza upigaji chapa katika gazeti la The Countryman, lililotolewa na Joseph Addison Turner katika shamba lake la Turnwold, karibu na Eatonton, Georgia. Nje ya saa za kazi kijana huyo alikuwa akienda kwenye vibanda vya watumwa kusikiliza hadithi. Miongoni mwa wasimulizi wake waliohifadhiwa katika kumbukumbu kwa majina ni George Terrell na mzee aliyeitwa Old Harbert. Miaka kadhaa baadaye Harris, akiwa mwandishi wa gazeti la Atlanta Constitution, alianza kuchapisha hadithi hizo, na mwishoni mwa 1880 kikatoka kitabu Uncle Remus: His Songs and His Sayings, chenye ngano 34. Terrell na Harbert hawakuwekwa kwenye jalada. Nafasi yao ilishikwa na Remus, mzee wa kubuni, aliyewahi kuwa mtumwa na sasa anaishi kwa amani kwenye shamba la waliokuwa mabwana zake, akimsimulia kila jioni mtoto wao mdogo.

Fremu hii ya usimulizi ndiyo kiini cha tatizo. Ngano zenyewe Harris alizirekodi kwa uaminifu mkubwa kuliko wengi wa wakati wake. Mkusanyo wake wa pili, Nights with Uncle Remus (1883), una utangulizi mrefu unaozilinganisha na hadithi zilizokusanywa kusini mwa Afrika. Kilichobadilika ni hadhira. Ngano iliyosimuliwa baina ya watumwa, ambamo mnyama dhaifu humzidi akili mwenye nguvu, humfilisi na mara nyingine humwua bila huruma, iligeuzwa kuwa ngano ya kumlaza mtoto wa bwana. Lawrence Levine, katika Black Culture and Black Consciousness (1977), ameonyesha kwa kina jinsi ukatili wa sungura huyu ulivyobeba elimu ya kuishi chini ya mamlaka yasiyo na haki. Elimu hiyo haiwezi kuwa na maana ileile mbele ya mrithi wa mamlaka hayo.

Udugu wa Brer Rabbit na sungura wa Waafrika umezua mabishano. Richard Dorson alishikilia kuwa sehemu kubwa ya ngano za Wamarekani Weusi haikutoka Afrika. William Bascom alimjibu kwa kulinganisha ngano moja baada ya nyingine, na makala zake zikakusanywa mwaka 1992 katika African Folktales in the New World. Kabla yao Alice Werner, aliyefundisha Kiswahili jijini London, alikwisha kumpa sungura huyo sura nzima katika Myths and Legends of the Bantu (1933). Inafaa ielezwe kuwa sungura wa Georgia hakutoka moja kwa moja pwani ya Waswahili. Wengi wa mababu wa watumwa hao walitolewa Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola, na udugu unaozungumziwa hapa ni ule wa matawi ya mti mmoja.

Hata hivyo matawi hayo yanafanana kwa namna ya kushangaza. Katika jamii nyingi za Kibantu husimuliwa kuwa wakati wa ukame wanyama walichimba kisima kwa pamoja, sungura akakataa kufanya kazi, kisha akawa anaiba maji usiku. Wakamtega kwa ulimbo, mara nyingine kwa kumpaka kobe mgongoni, mara nyingine kwa kusimamisha sanamu iliyopakwa utomvu. Sungura akanasa. Katika Georgia ulimbo umekuwa lami, na sanamu imekuwa mtoto wa lami aliyewekwa njiani na mbweha. Namna ya kuokoka nayo inajulikana. Brer Rabbit humsihi mbweha amfanyie lolote ila asimtupe kwenye kichaka cha miiba, kumbe ndiko kwao. Katika hadithi ya Unguja ya sungura na simba, iliyomo katika Zanzibar Tales ya George W. Bateman (1901), sungura aliyekamatwa humshauri simba amshike mkia, amzungushe na kumbamiza chini ili nyama iwe laini, na simba anapomzungusha yeye huponyoka. Mbinu ni ileile: mshindi hudanganywa kuhusu jinsi ya kuutumia ushindi wake.

Mwezi Novemba 1946 kampuni ya Disney ilizindua Atlanta filamu ya Song of the South, iliyochanganya waigizaji na katuni. James Baskett, aliyeigiza Remus, hakuhudhuria uzinduzi huo, kwa kuwa mji ulikuwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi. Chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kiliilaumu filamu kwa kuyapamba maisha ya shambani. Baskett alipewa Oscar ya heshima mwaka 1948 na akafariki mwaka huohuo. Filamu ilirudishwa kwenye majumba ya sinema mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka 1986, na tangu hapo kampuni imekataa kuitoa tena Marekani.

Ajabu ni kwamba wakati filamu ikifichwa, mradi wa bustani ulikuwa ukiandaliwa kutokana na filamu hiyohiyo. Splash Mountain ilifunguliwa Disneyland mwezi Julai 1989, kisha Florida na Tokyo mwaka 1992. Mgeni alikalishwa katika chombo chenye umbo la gogo, akapelekwa na maji kupita kwenye mapango yaliyojaa wanyama wa mitambo wanaoimba, na mwishowe akaporomoshwa kama mita 16 hadi bondeni. Sehemu kubwa ya wanyama hao, huko California, ilichukuliwa kutoka America Sings, onyesho lililofungwa mwaka 1988 na lisilohusiana na Harris hata kidogo.

Mabadiliko mawili yanastahili kuchunguzwa. La kwanza ni kuondolewa kwa mtoto wa lami, ambaye jina lake lilikuwa limegeuka kuwa tusi kwa watu Weusi: sungura wa bustani hunaswa kwa mzinga wa nyuki na asali. Uamuzi huo unaeleweka, lakini umeing'oa ngano kwenye mzizi wake wa kale kuliko yote, ule wa ulimbo wa kisimani. La pili ni kuondolewa kwa Remus. Huko Florida usimulizi alikabidhiwa chura, Brer Frog. Kichaka cha miiba kikawa shimo la kuporomokea, na ile hila ya mnyonge ikabaki kuwa sababu ya kumtumbukiza mgeni majini. Mgeni wa mwaka 1995 angeweza kushuka mara kumi bila kujua kuwa hadithi hiyo iliwahi kusimuliwa na mtu, sembuse mtumwa.

Je, kumwondoa Remus hakukuwa haki? Alice Walker, mzaliwa wa Eatonton, aliandika katika miaka ya 1980 kwamba Harris alimwibia sehemu ya urithi wake kwa kumfanya auonee aibu. Alikumbuka sanamu ya Remus iliyowekwa dirishani mwa mkahawa ambao Weusi hawakuruhusiwa kuingia. Kwa hoja hiyo, kutoweka kwa Remus kungekuwa jambo la kushukuriwa. Lakini mwaka 1987, miaka miwili tu kabla ya Splash Mountain, Julius Lester alichapisha The Tales of Uncle Remus: The Adventures of Brer Rabbit, akizisimulia upya ngano za Harris. Lester naye alimwondoa mzee Remus na mtoto wake wa kizungu. Mahali pao aliweka sauti yake mwenyewe, sauti ya Mmarekani Mweusi wa wakati wake, yenye mzaha, inayozungumza na msomaji kana kwamba wamekaa kibarazani. Kitendo kimoja cha ufutaji kilizaa matokeo mawili yaliyo kinyume. Kwa Lester fremu ya uongo ilivunjwa ili fanani arudi. Katika bustani fremu ilivunjwa ili asiwepo wa kuulizwa ngano imetoka wapi.

Kwa sababu hiyo yaliyofuata si mapinduzi makubwa kama yalivyotangazwa. Mwezi Juni 2020, katikati ya maandamano ya kupinga mauaji ya George Floyd, kampuni ilitangaza kuwa Splash Mountain ingepewa sura ya The Princess and the Frog, filamu yake ya 2009 yenye binti wa kwanza Mweusi miongoni mwa mabinti wa kifalme wa Disney. Florida ilifunga Januari 2023 na California Mei 2023. Tiana's Bayou Adventure ikafunguliwa katika bustani hizo mbili mwaka 2024, wakati mlima wa Tokyo ukiachwa ulivyokuwa. Mfereji na poromoko vilibaki vilevile. Ni sungura aliyetoka, miaka 34 baada ya msimulizi wake.

Nyumba ya Harris mjini Atlanta, iitwayo Wren's Nest, ilifanywa makumbusho mwaka 1913 na kuwafungia mlango wageni Weusi hadi 1968, mahakama ilipoamuru wafunguliwe. Katika miaka ya baadaye wasimulizi Weusi wamekuwa wakiketi humo mbele ya watoto wa rangi zote na kusimulia habari za Brer Rabbit, kila mmoja kwa namna yake, na mtoto wa lami akiwemo.