Mtafiti wa Hali ya Anga za Juu

Mwanasayansi anayechunguza jinsi milipuko ya Jua na upepo wake vinavyovuruga usumaku wa Dunia, ayonosfia (tabaka la juu la angahewa lenye chaji za umeme), setilaiti na mawasiliano ya redio. Dhoruba ya Mei 2024, kubwa kuliko zote tangu 2003, iliitangaza fani hii, ila Nairobi haihitaji dhoruba ili kuwa na la kuchunguza. Jiji liko kusini ya ikweta ya sumaku, inayopita Ethiopia. Baada ya machweo, hasa karibu na Machi na Septemba, mapovu ya plazima (gesi yenye chaji za umeme) iliyo hafifu huinuka katika ayonosfia ya ukanda huu, na mawimbi ya GPS yanayoyapita hupepesa kama nyota. Mwendesha bodaboda wa Umoja au Kayole huenda asigundue ramani ya simu ikikosea mita chache. Kwa ndege zinazotua Embakasi, uwanja wa Jomo Kenyatta, suala ni zito zaidi. Kazi yenyewe, tofauti na inavyodhaniwa, ni ya kompyuta zaidi kuliko darubini: kuandika programu na kuchambua data za vipokezi vya kudumu vya GPS, kikiwemo cha RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali kilichoko Kasarani, na kile cha Malindi.