Kobalti ya Kolwezi: Kutoka Machimboni hadi Mwilini

Katika Kiswahili cha kila siku, neno mashamba humaanisha mahali pa kulima. Mjini Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, neno hilo ni jina la machimbo ya wazi ya shaba na kobalti, Mashamba Mashariki na Mashamba Magharibi. Makala haya yanafuatilia safari ya kobalti kutoka ardhi hiyo hadi katika mwili wa binadamu. Hoja yake ni kwamba vyuo vikuu vya dunia vilijifunza mapema kuitumia kobalti kuponya wagonjwa, lakini upimaji wake katika miili ya watu wanaoishi juu ya madini yenyewe ulichelewa sana.

Jina la metali hii lina historia yake. Wachimbaji wa Saksonia, nchini Ujerumani, waliyaita mawe fulani kobold, yaani pepo wa migodini, kwa kuwa yalipoyeyushwa hayakutoa fedha wala shaba, bali moshi wa aseniki uliowadhuru. Katika miaka ya 1730 mkemia Georg Brandt wa Uswidi alibainisha kuwa ndani ya mawe hayo mna metali ya pekee. Basi tangu mwanzo jina hilo limebeba kumbukumbu ya maradhi ya mchimbaji.

Katika Katanga, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuzalisha kobalti katika miaka ya 1920. Kufikia katikati ya karne ya 20, Katanga ilikuwa mzalishaji mkuu wa kobalti duniani.

Katika miaka hiyo hiyo, taaluma ambayo leo huitwa uhandisi tiba ilikuwa ikiota mizizi. Aloi ya kobalti, kromi na molibdeni ilionekana kuwa ngumu na kutoharibika upesi katika majimaji ya mwili. Ilitumiwa kwanza kwa meno, kisha kwa mifupa. Mwaka 1938 Marius Smith-Petersen, daktari wa upasuaji wa Boston, aliitumia kutengeneza kikombe cha kufunika kichwa cha mfupa wa nyonga.

Matumizi ya pili yalihusu mionzi. Kobalti ya asili haina mionzi. Ikiwekwa katika tanuri la nyuklia hugeuka kuwa kobalti-60, ambayo miali yake hupenya mwilini na kuua chembe za saratani, na ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushei. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mionzi hiyo katika mji wa London, Ontario, nchini Kanada, mwezi Oktoba 1951. Mwezi uliofuata matibabu yalianza Saskatoon, kwa mashine iliyosanifiwa na mwanafizikia Harold Johns na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan. Hapo fizikia, uhandisi na tiba vilikaa meza moja.

Hata hivyo, dawa ikizidi kipimo huwa sumu. Mwili unahitaji kobalti kidogo mno, iliyomo katika vitamini B12. Baadhi ya nyonga bandia ambazo metali husuguana na metali zilimwaga chembe za kobalti katika damu ya wagonjwa. Mwaka 2010 aina moja iliyotumika sana iliondolewa sokoni, na mamlaka ya vifaa vya tiba ya Uingereza ikaagiza kwamba mgonjwa mwenye zaidi ya mikrogramu 7 za kobalti au kromi katika lita moja ya damu achunguzwe zaidi. Yaani, mgonjwa huyo alikuwa na daktari, kipimo na kiwango cha kumlinda.

Je, jirani wa machimbo alikuwa na nini? Union Minière ilijenga hospitali na kliniki za watoto wachanga, lakini lengo kuu lilikuwa kupata wafanyakazi imara wa kudumu. Vumbi lililomfikia mtu asiye mfanyakazi halikuwa na daftari lake.

Daftari hilo lilianza kuandikwa na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichofunguliwa mwaka 1956, umbali wa kilomita 300 hivi kutoka Kolwezi. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa chuo hicho, pamoja na wenzake wa Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Viwango vya kobalti vya waliokaa karibu na migodi na viwanda vilikuwa vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa wananchi wa kawaida popote duniani, na watoto ndio walioathirika zaidi.

Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, Kolwezi, na wakazi wakachimba mashimo nyuani na hata ndani ya nyumba zao. Utafiti wa Banza na wenzake uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha wakazi 72 wa Kasulo na watu 25 wa mtaa mwingine. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini, pamoja na dalili za madhara katika chembe za urithi. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Lubumbashi ulionyesha kuwa watoto ambao baba zao walifanya kazi za migodi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za kimaumbile.

Historia hii ina funzo kwa elimu ya vyuo vikuu. Sampuli za mwaka 2009 zilichukuliwa Katanga, lakini mitambo ya kuzipima ilikuwa Ubelgiji. Sampuli zilifuata njia ile ile iliyofuatwa na madini. Uhandisi tiba katika nchi ya migodi hauna budi kuanza na chombo cha kupima, na fundi wa kukitengeneza kinapoharibika, kabla ya nyonga bandia na mashine za mionzi. Chuo kilicho karibu na shimo ndicho kinachoweza kumwona mtoto wa Kasulo mara ya pili na ya tatu, na kumwambia mama yake, kwa Kiswahili anachokielewa, kipimo kimesema nini.