Jiwe Ling'aalo na Jiwe la Jembe

Leo twapenda kuzungumza habari za mawe mawili. Kwa sura hayafanani, lakini kwa asili ni ndugu.

La kwanza huitwa jicho la chui milia, nalo hupatikana hasa Afrika ya Kusini. Ni jamii ya yale mawe meupe magumu yaitwayo kwatzi. Ndani yake mna nyuzi nyembamba mno, zimelala sambamba, na kutu ya chuma imezipa rangi ya dhahabu. Ukiligeuza juani, mstari wa nuru hutembea juu yake kama katika jicho la paka. Mafundi hulichonga likawa ushanga na vito vya pete.

La pili tunalo hapa petu. Katika vilima vya Nzega, kaskazini ya Tabora, na vya Geita mbali zaidi, mna miamba yenye milia ya kwatzi na kutu ya chuma, umri wake zaidi ya miaka milioni 2,600. Haing'ai sana, na wapitao huiona mawe tu.

Burton na Speke walipofika Tabora tarehe 7 Novemba 1857, njia ya Bagamoyo hata Ujiji ilijaa wapagazi wa nguo, ushanga na pembe. Lakini bidhaa moja kubwa haikutoka pwani, nayo ni jembe. Warongo, mafundi wa nchi ya Uzinza, walichimba mawe yenye chuma, wakayatia katika tanuru za udongo pamoja na mkaa, wakavukuta. Moto wa mkaa uliiondoa ile hewa iliyoshikamana na chuma katika kutu, kikabaki chuma chenyewe. Majembe yakachukuliwa mpaka soko la Tabora. Yalilima mashamba, yalilipa mahari, tena yalinunua vitu mfano wa fedha.

Mwaka 1912 reli ilifika Tabora. Majembe ya kigeni yakapatikana kwa bei ndogo, na tanuru zikazimika moja moja. Mafundi wale hawakuacha vitabu. Waliacha mabonge meusi ya takataka za tanuru. Basi, mwanafunzi, ukiyakuta shambani usiyatupe ovyo. Mwonyeshe mwalimu wako mahali pale, kwa maana hapo ndipo wazee wetu walipoandika elimu yao.