Baba alipofilisika: wajibu wa makampuni kwa jamii, kutoka Union Minière hadi Gécamines



Ukifungua ripoti ya mwaka ya kampuni kubwa ya madini yenye shughuli zake Afrika, hukosi kuona picha ya watoto waliokalia madawati mapya, ya kisima, na ya meneja aliyevaa kofia ngumu akikata utepe. Vyuoni nako somo la wajibu wa makampuni kwa jamii linafundishwa kana kwamba limezaliwa juzi. Mimi naona tulipime kwa jicho la historia, na mfano ninaouchukua ni Katanga, kusini ya Kongo. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, ni kampuni chache mno barani kwetu zilizowahi kutoa huduma nyingi kama Union Minière du Haut-Katanga. Pili, mambo hayo yalitendeka kwa Kiswahili. Ndiyo lugha iliyotumika migodini na kambini, na mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani kilitoa historia ya mji wao, Elisabethville, kwa Kiswahili chao wenyewe. Kwa hiyo hii ni sehemu ya historia yetu, ingawa sisi wa mwambao tumezoea kuipa kisogo.

Kampuni ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya mateso matupu. Watu waliletwa kwa mikataba mifupi kutoka vijijini na kutoka Rhodesia ya Kaskazini, wakalala mabandani, wakafa kwa nimonia na kuhara, na waliobaki wakatoroka. Kampuni ikawa kila mara inatafuta watu wapya, na kutafuta watu ni gharama.

Mwaka 1928 ikabadili mwendo. Mfanyakazi alipewa mkataba wa miaka 3, akaruhusiwa, tena akahimizwa, kuja na mkewe. Alipewa nyumba, posho ya unga na maharage kwa kadiri ya ukubwa wa familia, hospitali, kliniki ya mama na mtoto, na shule zilizoendeshwa na mapadri Wabenediktini. Vifo vikapungua sana. Watoto wakazaliwa kambini, wakasoma kambini, na wengi wao wakaajiriwa na kampuni ileile iliyowaajiri baba zao. Neno posho lenyewe litazameni. Kwa Mganda leo ni ugali, kwa mbunge wa Tanzania ni fedha ya kikao, lakini kwa mtoto wa kambi ya Katanga lilikuwa ni kipimo cha mapenzi ya kampuni kwa baba yake.

Sasa basi, kama tungetumia vipimo vya ripoti za siku hizi, yaani vitanda vingapi, madarasa mangapi, chanjo ngapi, Union Minière ingepata alama za juu kabisa. Hapo ndipo penye mushkeli. Vipimo hivyo vinahesabu kinachotolewa. Havituambii ni nani anayeshika funguo.

Desemba 1941 jambo hili lilidhihirika. Bei zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, na wafanyakazi Waafrika wakagoma kudai mshahara zaidi. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Askari wakawamiminia risasi, wakafa makumi ya watu, akiwemo kiongozi wao, Léonard Mpoyi. Watu walewale waliokuwa wakipimiwa unga na kuchanjiwa watoto wao walipigwa risasi walipotaka kusema wenyewe wanachohitaji. Ukarimu ulikuwepo, tena mwingi, lakini haukuwa haki. Zawadi hutolewa kwa hiari ya mtoaji, na mpokeaji hana pa kuidai.

Baada ya uhuru kukatokea fumbo la pili. Mwaka 1960 Moïse Tshombe alipoitenga Katanga, kodi za Union Minière zilikwenda kwake badala ya kwenda Léopoldville. Kampuni iliyosifika kwa kuwatunza watoto wa kambini iliisaidia serikali iliyolivunja taifa la watoto haohao. Ripoti ya kliniki isingekuonyesha hilo. Kwa maoni yangu, anayetathmini wajibu wa kampuni bila kuuliza kodi yake imekwenda kwa nani anatazama dirisha na kuuacha mlango.

Wako watakaosema dawa ilikuwa kutaifisha. Mobutu alitaifisha kuanzia Januari 1967, na kampuni hatimaye ikaitwa Gécamines. Huduma hazikufutwa. Shule na hospitali ziliendelea, na kampuni ikajiingiza hata kwenye kilimo cha mahindi ili watu wake wale. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka na kuiletea Zaire sehemu kubwa kabisa ya fedha za kigeni. Lakini serikali ilikamua ng'ombe bila kumlisha. Mitambo ikachakaa, mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, kisha yakaja machafuko na kufukuzwa kwa watu wa asili ya Kasai. Kufika 1994 uzalishaji ulikuwa kama tani 30,000 tu.

Kampuni ilipoanguka, kila kitu kilichoning'inia kwake kilianguka nacho. Walimu walikosa mshahara kwa sababu mwajiri wao alikuwa mgodi. Hospitali zilikosa dawa kwa sababu bohari ilikuwa ya mgodi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Hiari gani jamani, kwa mtu ambaye hajalipwa miezi chungu nzima? Walipewa mkupuo mmoja wa fedha, na wengi walilalamika kwamba hesabu haikufuata haki zao. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001, kwa Kifaransa, watoto wa Shaba waliotelekezwa na baba yao. Wahenga wetu walikwishasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Je, tumejifunza? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka na kuandikiana na jamii hiyo ahadi zake. Asilimia 15 ya mrabaha inatakiwa kwenda moja kwa moja kwenye serikali ya mtaa wa mgodi. Hapa zawadi imeanza kugeuka deni, na hilo si jambo dogo.

Lakini tusidanganyane kwamba sheria inatosha. Tanzania ilikuwa na asilimia 0.3 yake zamani, ushuru wa huduma kwa halmashauri. Mikataba ya migodi mikubwa iliyotiwa saini miaka ya 1990 na baadaye ikaweka kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka, hata kama asilimia 0.3 ingezidi hapo mara nyingi. Mpaka kikomo hicho kilipoondolewa katika muongo wa 2010, halmashauri ilikosa haki yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikapokea madarasa na kupiga makofi. Marekebisho ya mwaka 2017 yanaitaka kampuni ikubaliane na halmashauri kuhusu mpango wa huduma kila mwaka. Ni hatua njema, mradi halmashauri iwe na watu wanaojua kusoma mahesabu na wananchi wanaoweza kuwauliza.

Kwa hiyo napendekeza maswali matatu kwa yeyote anayefanya tathmini hizi, awe mwanafunzi au mshauri wa kulipwa. Kwanza, kampuni imelipa kwanza inachodaiwa kisheria, kabla ya kutoa inachotaka kusifiwa? Pili, wananchi wana pa kudai bila ya kuadhibiwa? Tatu, mgodi ukifungwa kesho, nani atamlipa muuguzi? Union Minière, pamoja na hospitali zake zote, isingefaulu hata swali moja kati ya haya mawili ya mwisho. Na sioni kwa nini kampuni za leo, zenye huduma pungufu kuliko zile za mwaka 1928, zipewe alama kwa kipimo chepesi zaidi.

Naomba kuwasilisha. Wenye ushahidi kutoka Kericho, Mwadui, Kolwezi au kwingineko, uwanja ni wenu.